Namna ya Kumtathmini Mtumishi Bila Kuzungumza Naye

Hongera kwa kuteuliwa mkuu wa kitengo. Kiti kipya, kibao mlangoni, na watumishi kumi na wawili ambao jana mlikuwa mnakunywa chai pamoja. Kazi nyingine utazizoea. Moja tu ndiyo itakutoa jasho: kumwambia mtu mzima mwenzako, pengine aliyekuzidi umri na aliyewahi kukukopesha nauli, kwamba kazi yake hairidhishi. Usiogope. Utumishi wa umma wa Tanzania una mfumo wa wazi wa tathmini tangu Julai 2004, na uwazi wote huo unaweza kujazwa kwenye fomu bila wewe kufungua mdomo.

Wakubwa wa zamani walistarehe. Taarifa ya mtumishi ilikuwa siri: mkuu aliiandika peke yake, ikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaenda kulala kwenye faili la siri. Mhusika aliambulia kuhisi yaliyomo siku wenzake walipopandishwa cheo yeye akabaki. Kisha ukaja Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao wote tunauita OPRAS. Waliouleta walikuwa na wazo la hatari sana: Julai ukae na mtumishi mkubaliane malengo, Desemba mkae tena mwangalie mlipofikia, Juni mkae mara ya tatu mpime. Kwa kitengo chako hivyo ni vikao 36 kwa mwaka, na chai yake hamna fungu.

Anza na malengo. Usikubali mtumishi aandike "kujibu barua za wananchi ndani ya siku saba", kwa sababu siku ya nane itafika. Mwelekeze kwenye vitenzi salama: kuboresha, kuimarisha, kuratibu. Hajazaliwa mkaguzi aliyethibitisha kwamba mtu hakuratibu. Na kama unataka malengo yafikiwe kwa asilimia mia moja, yaandikeni Juni pamoja na matokeo yake, ukishajua kilichofanyika. Tumieni kalamu mbili tu, wino usiwaumbue.

Kuwa macho kwenye safu ya rasilimali mlizokubaliana. Hapo ndipo mtumishi mjanja hutega. Akiandika "kompyuta moja, wino wa printa na mafuta ya gari la kwenda vijijini", na mwaka ukaisha hujampa hata karatasi, deni linageuka lako. Mshauri, kwa upole wa mlezi, aandike "rasilimali zilizopo". Zilizopo ni kiti na yeye mwenyewe.

Sasa alama. Kama mtihani wa kidato cha nne, ndogo ndiyo kubwa: 1 ni bora kabisa, 5 ni mbaya mno. Fomu ya OPRAS ina safu tatu, alama anayojipa mwenyewe, alama unayompa wewe, na alama mliyokubaliana. Safu hii ya tatu ndiyo moyo wa mfumo mzima, maana haiwezi kujazwa kihalali mpaka watu wawili wametazamana na kubishana. Kwa hiyo ndiyo ya kuwahi. Wape wote 2. Alama 1 inaleta wivu na maswali kutoka juu. Alama 3 itamleta ofisini kwako akiwa amenuna, na 4 italeta chama cha wafanyakazi. Kwa 5 utatakiwa ushahidi, na ushahidi ungehitaji uwe ulikuwepo. Alama 2 haina kelele. Mpe 2 yule dada anayefunga hesabu za kila mtu mpaka saa moja usiku, mpe 2 na yule bwana anayetundika koti kwenye kiti asubuhi kisha akaenda kufuatilia kiwanja chake. Mwaka wa kwanza dada atashangaa. Wa pili atanunua koti.

Anaweza kuja mmoja asiyeelewa utaratibu.

"Shikamoo, mkuu. Nimekuja kuhusu ile alama."

"Marahaba, mwanangu. Alama gani tena, si tumeshasaini?"

"Tumesaini. Nilitaka tu kujua nirekebishe wapi."

"Wewe endelea hivyo hivyo. Ukiona kimya, ujue mambo ni mazuri."

Akiondoka, funga mlango. Huo kwenye fomu ni mrejesho, uandikie tarehe ya Desemba.

Habari njema ni kwamba siku hizi mambo yamehamia kwenye kompyuta, kwenye mfumo uitwao PEPMIS. Mtumishi anaingiza kazi zake, wewe unathibitisha, hata sura yake huhitaji kuiona. Kidole kimoja kinamaliza watu kumi na wawili kabla chai haijapoa. Jirani zetu walimu wa Kenya, wenye tathmini yao iitwayo TPAD, wamekwishalalamika kwamba muda wa kufundisha unaliwa na kazi ya kuthibitisha kwamba wamefundisha. Walalamike tu. Mtu aliyeshika simu akitafuta mtandao hana nafasi ya kukuuliza maswali magumu.

Lakini kuna makosa ambayo lazima yakemewe. Hayo yapeleke kwenye kundi la WhatsApp: "Ndugu zangu, baadhi yetu tumekuwa na tabia ya kuchelewa. Tubadilike." Kila mtu atajua anasemwa nani, isipokuwa yeye. Yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujibu, "Umenena, mkuu."

Utaambiwa pia uwashirikishe watumishi. Tundika sanduku la maoni, lenye kufuli, na ufunguo akae nao yule anayelalamikiwa zaidi. Kwenye kikao cha idara uliza "mwenye swali?" wakati watu wameshika mikoba. Na mfanyakazi bora wa Mei Mosi achaguliwe kwa zamu: mwaka jana masijala, mwaka huu uhasibu, mwakani madereva.

Sifa, kwa upande wake, ziwekwe akiba. Siku mtumishi anastaafu, simama mbele ya keki na useme yote: kwamba bila yeye mafaili yangepotea, kwamba aliwafundisha kazi nusu ya waliopo ukumbini, wewe ukiwemo. Mke wake atalia, yeye atakutazama kama mtu anayesikia habari za mgeni. Mkabidhi mabati yake, piga naye picha. Halafu mnong'oneze afisa utumishi amsainishe fomu ya Juni kabla hajapanda gari.