Kabati la Kifahari kwa Plaiwudi ya Daraja la Chini

Unataka mgeni akiingia jikoni aguse mlango wa kabati na kuuliza fundi wako ni nani. Unataka pia pesa zibaki mfukoni. Yote mawili yanawezekana, ndugu yangu, tena bila kumdhulumu mtu. Sogea karibu nikufundishe kuyadanganya macho kwa plaiwudi ya birchi, ile nyeupe inayokaribia rangi ya krimu, itokayo Ufini, Latvia, Estonia na Urusi.

1. Zijue herufi, kisha uache kuziogopa

Plaiwudi ya nchi za Baltiki huuzwa kwa herufi za pande mbili: B/BB, BB/BB, BB/CP, C/C. Ya kwanza ni ya uso, ya pili ni ya mgongo. B ni uso safi usio na kiraka. BB ina viraka vichache vilivyochaguliwa vifanane rangi na uso. CP ina viraka vingi, na hakuna aliyejali rangi zake. C ina vifundo vya wazi na nyufa. Wafini wana mpangilio wao: B, S, BB, WG. Warusi huanza na E, kisha namba za Kirumi hadi IV.

Sasa sikia jambo ambalo muuzaji huliruka. Herufi hizo zinazungumzia sura tu. Hata kiwango cha Ulaya, EN 635, kimeandikwa ili kupanga plaiwudi kwa mwonekano wa uso wake. Gundi ni habari nyingine, na nguvu ni habari nyingine. Ubao wa BB wa milimita 18 kutoka kiwanda kizuri una matabaka 13 ya birchi tupu, sawa na wa B. Ukilipia B unalipia ngozi. Basi nunua ngozi pale tu itakapotazamwa.

2. Gawa herufi kwa macho yatakayoziona

Simama mbele ya kabati lako la kesho na ujifanye mgeni. Mgeni huona milango na nyuso za droo. Hapo weka B/BB, usibane mkono. Akifungua mlango ataona vikombe, si ubao, kwa hiyo mbavu na rafu za ndani ziwe BB/BB. Mgongo wa kabati unaoelekea ukuta ni wa CP. Vibao vya kupimia na vya kushikizia kazi karakanani, hivyo ni vya C, na fundi anayevinunulia B anachoma pesa.

Utapaka rangi? Basi usiiguse B kabisa. BB ikipigwa puti na msasa, kisha rangi ya msingi, haitofautiki na ndugu yake wa bei kubwa. Kuna watu hununua uso safi kabisa, wakaufunika kwa rangi ya kijivu, kisha wakalalamika kwamba useremala ni ghali.

3. Kipe kiraka kazi

Hapa ndipo penye utamu. Lalia ubao wa BB kwa jicho, mwanga ukitoka dirishani pembeni, nawe utaviona viraka: vimechongoka ncha mbili kama mitumbwi midogo, vimelala sambamba na nyuzi za mbao. Kizungushie kila kimoja chaki kabla hujashika msumeno. Kisha chora vipande vyako ukivizunguka.

Kiraka kimoja kipitishie njia ya msumeno. Kingine kiangukie kwenye kipande cha mabaki. Kisichokwepeka kwenye uso wa droo kiweke katikati, mahali kitasa kitakapokaa, na kitasa kikifungwa hadithi imekwisha. Kilicho mgongoni mwa mlango kilenge kwa bawaba ya kikombe: tundu lake lina upana wa milimita 35, nalo hukitafuna kiraka chote au nusu yake. Kilichobaki kipeleke mlango wa chini kabisa, kwenye kivuli cha sinki.

Kuchora kwa namna hii kunakula jioni nzima. Ila jioni hiyo inaweza kukuruhusu kutengeneza hata milango kwa BB/BB, na hapo ndipo akiba ya kweli ilipo.

4. Uonyeshe ukingo

Watu wa plaiwudi duni huficha ukingo kwa utepe. Wewe fanya kinyume. Matabaka ya birchi yana unene wa karibu milimita moja na nusu kila moja, yakipishana nyuzi, hivyo ukingo hutoa mistari myembamba, myeupe na ya hudhurungi, iliyonyooka. Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 240. Malizia kwa vanishi ya maji, kwa kuwa ya mafuta huleta umanjano.

Uso usiusugue kwa hasira. Tabaka la juu ni jembamba kuliko unavyodhani, na mashine ya msasa ikizubaa mahali pamoja itatoboa hadi tabaka la pili.

Mgeni akiusifu ukingo, mtajie Alvar Aalto, msanifu wa Kifini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikunja plaiwudi ya birchi kuwa kiti kwa ajili ya hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Paimio, na kiti hicho leo kimo katika makumbusho. Mbao ni ileile uliyoipata kwa bei ya BB. Litaje hilo kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ni jambo ulilokua nalo.

5. Usidanganywe wewe

Kila hila niliyokupa hudanganya macho ya wageni. Muuzaji naye ana zake, na hizo huvunja rafu.

Ya kwanza ni uso wa birchi juu ya moyo wa popla. Ukitazama juu, umependa. Ukiinua, ni nyepesi mno. Birchi tupu ina uzito wa kama kilo 680 kwa mita ya ujazo, na ubao wa mraba wa milimita 1,525 wenye unene wa 18 una kama kilo 28. Tazama ukingo: matabaka yasiyolingana unene, au matundu kati yake, yameshakupa jibu.

Ya pili ni asili. Tangu Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku mbao za Urusi mwaka 2022, plaiwudi ya huko hubadili njia na vyeti. Uliza ubao umetoka kiwanda gani, na usome mhuri.

Ya tatu ni maji. Mistari ya gundi iliyokoza weusi kwa kawaida ni ya fenoli, inayovumilia unyevu. Iliyo myeupe ni ya yurea, ya ndani ya nyumba. Lakini gundi nzuri haiigeuzi birchi kuwa mvule. Mti huu huoza. Ukiiweka barazani Mombasa au Tanga bila kuziba kingo, hakuna herufi itakayokuokoa.

Tena, ukifika kwenye kukata, rafu ndefu ikatwe nyuzi za uso zikienda kwa urefu. Kwenye plaiwudi ya Kifini kipimo kinachotajwa kwanza ndicho kinachofuata nyuzi.

Huna birchi mtaani kwako? Hila ya chaki, kitasa na kivuli inafanya kazi vilevile kwa plaiwudi ya misonobari au mikaratusi. Ukifika dukani, omba ubao utolewe kwenye rundo, uzungushe, uone kingo zote nne na mgongo wake. Usilipe kabla ya hapo.