Hobi Ipewe Maua Yake

Wengine wamekwisha kusifu elimu, uzoefu, hata vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili. Mimi nina steshenari hapa Mfaranyaki, Songea, kompyuta moja na printa yenye kikohozi, na kila siku nachapa CV za watu. Leo naomba kukisifu kile kipande kinachokaa juu kidogo ya wadhamini watatu: hobi.

Hobi haina ubaguzi. Aje mwenye shahada ya uhasibu, aje mwenye cheti cha ufugaji, wote hupenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Ina ukoo pia: karibu mwaka 1482 Leonardo da Vinci aliandika barua ya kumwomba kazi Ludovico Sforza wa Milano, akajaza madaraja, mizinga na magari ya vita, uchoraji akausukuma kule mwishoni, kama hobi. Na haidaiwi muhuri.

Ila sifa yake kuu ni moja: hobi hutimia. Yale malengo ya pale juu, "kuitumikia taasisi yenye ushindani," kwa wateja wangu bado yanasubiri. Hobi haisubiri. Andika "kusafiri" uone. Kijana anaitwa kwenye usaili Dodoma. Anapanda basi, Njombe, Makambako, Iringa, shati jeupe limekunjwa juu ya bahasha ya vyeti asilikalie mtu. Anafanya mtihani, anageuza. Baada ya miezi miwili anaitwa tena, kwa barabara ileile. Watalii hulipa kuiona nchi hii. Na yeye analipa.

Andika "kuangalia mpira." Juni 2014 Uhamiaji waliita watu kwenye usaili wa nafasi 70, wakaja zaidi ya 10,000, wakapangwa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Viti vya kimataifa, bila tiketi! Mpira tu ndio haukuwepo.

Na "kusoma" ndiyo usiseme. Tangazo la kazi linasomwa mpaka linakaririwa: raia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 45, maelezo binafsi yanayojitosheleza, wadhamini wa kuaminika. Nimechapia watu maombi ya matangazo mengi mno, na sikumbuki hata moja lililouliza mtu anapenda nini.

Kwa haki lazima nikiri kwamba "kubadilishana mawazo" imegoma. Mawazo yanakwenda, hayarudi. Mtu amelipa nauli, amemlipa wakili, amenilipa mimi, halafu kimya. Hata neno "hapana" mwajiri anaona ni gharama. Tena huyohuyo anamtaka mtoto wa miaka 23 awe na uzoefu wa miaka mitatu. Aliupata wapi, chekechea? Na nafasi yenyewe imeshakaliwa na mpwa wa mtu kabla tangazo halijakauka ukutani!

Nisameheni. Nilikuwa nasifu.

Mwezi uliopita aliingia binti mmoja, anaomba ukarani wa hesabu kwa mfanyabiashara wa mahindi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Uzoefu?"

"Sina."

"Hobi?"

"Kwani wengine wanaandikaga nini?"

Nikamtajia. Akacheka. "Kusoma saa ngapi, kaka? Jioni yote naandika daftari la kikoba cha mama." Akalitoa mkobani: kaunta buku limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu, wanawake thelathini, hisa, mikopo, marejesho, mpaka faini za wachelewaji. Kila ukurasa umefungwa kwa jumla, na jumla imehamia ukurasa unaofuata.

Akauliza kama hilo linaweza kuandikwa. Tangazo lilitaka barua ya mwajiri wa zamani, yenye muhuri. Kikoba hakina muhuri. Nyuma yake palikuwa na watu wanne, na umeme ulishakatika mara mbili asubuhi ile. Nikamwambia itaonekana ya kienyeji. Nikabandika zile tatu zetu za siku zote.

Kurasa mbili, nakala tatu: 3,200. Akanipa noti ya elfu tano, nikamrudishia chenji. Akaihesabu palepale mezani, akanirudishia mia mbili niliyokuwa nimezidisha.