Mhadhara wa Mtaalamu Kuhusu Mavuno ya Mwanzo wa Majira ya Joto

Mavuno ya mwanzo wa majira ya joto katika shamba la mboga la hisa ni yale yanayochumwa kuanzia Juni hadi katikati ya Julai, katika nchi ambazo ardhi huganda wakati wa baridi. Mfano unaotumika hapa ni magharibi mwa jimbo la Massachusetts, Marekani. Umechaguliwa kwa sababu za kisayansi: ndiko anakoishi mpwa wa Mtaalamu, na ndiko Mtaalamu alikokwenda likizo.

Katika shamba la hisa, wakazi wa eneo hilo humlipa mkulima fedha za msimu mzima kabla hajapanda, wakati anapohitaji kununua mbegu na kulipa vibarua. Kisha kila wiki, mpaka kwenye Oktoba, mwanahisa huja kuchukua fungu lake. Msimu ukikubali, wote hula. Mvua ya mawe ikipiga, wote huumia. Mtaalamu aliwaeleza wanahisa jambo hili kwa ufasaha mkubwa, wakiwa wamesimama foleni na mafungu mikononi. Wao walikuwa wamelipa tangu Februari. Mtaalamu hakulipa, kwa kuwa fikra hazina bei. Fungu alilokuwa akilichambua lilikuwa la mpwa wake.

Kihistoria, mfumo huu ulianza Marekani mwaka 1986 katika mashamba mawili, kila moja kwa njia yake: Indian Line, la Robyn Van En, huko South Egremont, Massachusetts, na Temple-Wilton, jimbo la New Hampshire. Jan Vander Tuin ndiye aliyemletea Van En wazo hilo kutoka Uswisi. Wajapani nao walikuwa na utaratibu wao wa namna hiyo, uitwao teikei, tangu miaka ya 1970. Na Booker T. Whatley, profesa wa kilimo wa Tuskegee, Alabama, alikuwa akiwahimiza wakulima wadogo, hasa Weusi, waunde klabu za wateja wanaolipa mapema. Mtaalamu anatambua mchango wa wote hao, ingawa wazo hilohilo alikwisha kulipata mwenyewe, bila msaada wa mtu, akiwa kwenye foleni ya magari Ubungo mwaka 2011. Hakuna aliyemnukuu.

Hapa inafaa kutaja sifa za mwalimu, maana elimu isiyo na mwenyewe ni uvumi. Mtaalamu amehudhuria maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, akaketi safu ya pili katika hema la mgeni rasmi, hadi mwenye kiti alipofika. Kadi yake inasomeka Mshauri Mwelekezi wa Kilimo, Mazingira na Mengineyo. Shahada yake ya uzamivu imefikia hatua nzuri ya kutafutiwa mada. Nyumbani kwake Sinza anaendesha kilimo cha dirishani, chenye vitunguu vya majani katika makopo mawili ya rangi, na kopo moja linaendelea vizuri. Kuhusu buti zake nyeupe za mpira, zilizovuka bahari zikiwa ndani ya nailoni na kurudi zikiwa ndani ya nailoni ileile, wasikilizaji watapewa picha.

Uvunaji wenyewe huanza alfajiri. Mwezi Juni jua huchomoza huko kama saa kumi na moja na robo, na mboga za majani hutakiwa ziwe zimekatwa kabla halijapata nguvu, kwa sababu jani linalotoka shambani na joto lake hunyauka upesi. Huzamishwa katika maji baridi, huchujwa, huingizwa chumba cha ubaridi. Mtaalamu aliwasili saa nne, umande ukiwa umeshakauka, akatoa mada juu ya umuhimu wa kuamka mapema. Wavunaji waliisikiliza wakiwa wameketi kivulini. Walikuwa wamemaliza kazi.

Mazao ya wiki za kwanza ni yale yanayopenda baridi: saladi, spinachi, figili, sukuma wiki, vitunguu vya majani. Figili huwa tayari ndani ya siku 25 hadi 30 tangu kupandwa, nazo hazina la kufafanua. Spinachi ndiyo inayohitaji kichwa. Kilele cha Juni mchana huko huwa na saa 15 na ushei za mwanga, na spinachi ikishapata zaidi ya saa 14 hivi huacha kunenepesha majani, hurefuka, hujiandaa kutoa maua. Huo ndio mwisho wake mezani. Mtaalamu, aliyelelewa Dar es Salaam ambako mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, aliisifu spinachi ndefu kuliko zote kuwa ndiyo yenye lishe, akapiga nayo picha akiwa ameikumbatia. Tuta lile lilipitiwa na trekta alasiri hiyohiyo. Picha ingalipo.

Majani ya arugula, mboga nyingine ya saladi, huja yamejaa vitundu vidogo, kazi ya mbawakawa wadogo warukao. Ndiyo maana wakulima hufunika matuta kwa kitambaa chepesi cheupe. Mtaalamu aliwafahamisha wanahisa kwamba vitundu hivyo hutobolewa kwa mashine ya Kijerumani ili jani lipumue. Mwanahisa mmoja aliandika.

Kitunguu saumu kina ratiba ya peke yake. Hupandwa Oktoba, hulala chini ya nyasi kavu na theluji, na mwezi Juni hutoa kikonyo cha kijani kilichojisokota, ambacho kikiachwa kitageuka ua. Hukatwa ili nguvu ya mmea irudi chini kwenye tunguu, na kikonyo chenyewe huliwa, kitamu kikikaangwa. Mtaalamu alipokiona alitangaza mlipuko wa ugonjwa, akaagiza kikatwe shamba zima na kuchomwa moto. Wakulima walitekeleza nusu ya kwanza ya agizo hilo, jambo ambalo Mtaalamu analihesabu kuwa ushahidi wa kukubalika kwake kimataifa.

Njegere hupandwa Aprili, na sukari yake huanza kugeuka wanga mara zinapochumwa. Stroberi za Juni hudumu wiki tatu hivi, zikaisha. Kuhusu haya mawili Mtaalamu hakusema neno, kwa kuwa alikuwa akila.

Linabaki suala la mchicha. Mchicha pori huota wenyewe katika mashamba ya Massachusetts, na mmea mmoja uliokomaa unaweza kumwaga mbegu zaidi ya laki moja. Wakulima wa huko huuita gugu na huung'oa msimu mzima. Karoti, kwa upande mwingine, huweza kuchukua wiki mbili au tatu kuchomoza, na miche yake ni myembamba kama nyuzi za kushonea. Mtaalamu aliomba apewe tuta la kupalilia kwa mfano. Alifanya kazi kwa bidii isiyo na shaka, na alipoinuka, tuta lilikuwa na mchicha mtupu, wenye afya, uliopangwa vizuri. Karoti zilikuwa kwenye ndoo, tayari kutupwa. Mwenye shamba alilitazama tuta kwa muda, akamtazama mzee wa watu namna alivyoloa jasho, akamteua papo hapo kuwa msimamizi wa mchicha. Alikabidhiwa eneo lake, lote lake, upande wa pili wa shamba.

Katika wadhifa huo Mtaalamu alifanya makubwa. Kila wiki alijaza magunia, na mpwa wake akaupika kwa tui la nazi na karanga zilizotwangwa. Wanahisa walioonja waliomba maelezo ya mapishi, na baadhi yao wakaanza kuuliza kwa nini haumo kwenye mafungu. Magugu upande ule yalipungua kwa kiasi ambacho mwenye shamba alikieleza, kwa dhati, kuwa hajawahi kukiona. Mtaalamu hajapata kuelezwa kwamba alikuwa akipalilia, na mhadhara huu hauoni haja ya kumweleza.

Msimu wa mwanzo hufungwa kuelekea katikati ya Julai. Njegere hung'olewa, kitunguu saumu huchimbwa na kutundikwa ghalani kikauke, na zukini na matango huanza kulemea mafungu. Nyanya za shambani bado. Mche wake hauvumilii jalidi, ambayo hutishia huko hadi nusu ya pili ya Mei, hivyo matunda huanza kuiva mwishoni mwa Julai au Agosti. Mtaalamu alikuwa amewaahidi wanahisa nyanya wiki ya pili ya Juni, na wengine walifika na vikapu. Ameandaa mhadhara mwingine mahususi kuhusu nyanya hizo. Aliondoka Massachusetts kabla hata moja haijawa nyekundu.