Sifa za Mkanda wa Taimingi

Wengine wasifie rimu na muziki. Mimi nausifu mkanda wa taimingi, ule mpira mweusi wenye meno unaoishi gizani nyuma ya kava, usioomba grisi wala kupiga kelele, na siku ukikatika hauagi mtu.

Wangu umekatika mara tatu ndani ya miaka miwili. Kwa hisani yake najua gharama ya kuvutwa kutoka Chalinze, na najua supu ya Mlandizi huiva saa ngapi alfajiri. Na kazi unayoifanya! Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja, bila kuruka hata jino. Kwenye injini yangu ya 3S-FE, ya miaka ya 90, umetwishwa pampu ya maji na ya oili pia. Unatarajiwa kudumu kilomita 100,000. Wangu haujapata kufika 20,000.

Mara mbili za kwanza tulifunga mpya, nikalipa, nikalaani muuza spea. Mara ya tatu nilimpata fundi mzee. Hakufunga kitu. Aliuokota uliokatika, akaukunja kinyumenyume juani.

"Bosi, nusa."

Nikanusa. Oili tupu. Mpira umevimba, umelegea kama andazi lililozama kwenye chai, meno yanang'oka kwa ukucha. Akapitisha kidole nyuma ya gia ya kamshafti, kikatoka na tope jeusi. Kumbe sili ya oili, kipete cha bei ya chipsi mayai, ilikuwa inavuja muda wote, nasi tunazika marehemu bila kuuliza kilichomuua. Ukingo ungekuwa umechanika nyuzi upande mmoja, alisema, angekagua puli na beringi ya tenshena. Meno yangekuwa yamenyolewa mahali pamoja, angezungusha pampu ya maji kwa mkono aone kama imekaza.

Tena mkanda wangu hauna kisasi. Ukikatika kwenye 3S-FE hii, pistoni hazigongi valvu. Gari linazima tu, kistaarabu. Jirani yangu mwenye dizeli, wake ulipokatika, alikunja valvu zote, na mpaka leo anapanda daladala. (Simcheki. Sana.)

Mkanda wa nne umefungwa, safari hii pamoja na sili mpya. Ule wa tatu nimeutundika sebuleni, chini ya picha ya harusi. Mama watoto ameuhamishia banda la kuku mara mbili, na mara mbili nimeurudisha.