Hoja Imepita, Mtaro Umebaki
Bunge la kaunti nchini Kenya lina njia mbili za kusema: mswada, unaoweza kuwa sheria, na hoja, ambayo mara nyingi huihimiza tu serikali ya kaunti itende jambo. Mswada una jasho lake: usomwe mara tatu, wananchi watoe maoni, gavana atie saini. Hoja yataka sauti nzito na tai iliyonyooka. Ndiyo maana mheshimiwa huleta hoja ya mtaro, wenzake wakaiunga mkono kwa kauli moja, na mtaro ukaendelea kufurika bila habari kwamba umejadiliwa.

Mtetezi wao atasema hoja humulika tatizo, na kwamba mwenye fungu ni gavana. Nusu ya kweli. Fungu hilo halitumiki mpaka bunge hilohilo lipitishe bajeti. Mwenye kushika mkasi hana haja ya kumbembeleza fundi cherehani. Tena ripoti za Mdhibiti wa Bajeti huonyesha marupurupu ya vikao na gharama za safari, na hayo hayaendeshwi kwa kuhimizana. Posho hupewa kifungu na kiasi. Mtaro hupigiwa makofi, ambayo, tusiwanyime haki yao, huingizwa rasmi kwenye Hansadi.