Makazi Bora kwa Mbayuwayu

Hapa Elburgon, Kenya, hatuna mpinzani kwa kuwajali mbayuwayu. Ule mti mkongwe wenye tundu la kutagia ulikuwa makazi duni: haukuwa na mlango wala vanishi. Tukauangusha, tukaupasua mbao, na kwa mabanzi yaliyosalia tukampigilia ndege kisanduku maridadi, tukakitundika kwenye mlingoti wa chuma, maana mti wa kukitundika umekosekana. Ni wema wa kumuuza ng'ombe kisha kumzawadia ndama kibuyu. Serikali nayo ilipiga marufuku ukataji miti 2018. Julai 2023 ikatangaza kuiondoa marufuku hiyo, kana kwamba msitu umepumzika vya kutosha. Mbayuwayu, asiye na shukrani, kajenga kwa tope chini ya paa la duka. Tumembomolea kwa ufagio. Jamani, mwambieni ahamie kisandukuni. Mwezi wa kwanza hatutamtoza kodi.