SUV Ndogo na Mambo Makubwa ya Kisumu

Gari linaloitwa SUV ndogo ni, kwa asili yake, gari la kawaida la mjini lililoinuliwa: bodi yake na fremu yake ni kitu kimoja, tofauti na lori au pikapu, ambazo bodi zake hufungwa juu ya fremu ya chuma, ila limeongezewa kimo, matairi mapana na sura ya kudai kwamba mwenyewe anaweza kuondoka wakati wowote kwenda porini. Toyota ilipotoa RAV4 mwaka 1994, na Subaru ikafuata na Forester mwaka 1997, yaelekea wabunifu wa Japani walimfikiria kijana anayekwenda mlimani kuteleza kwenye theluji siku ya Jumamosi. Habari za safari za matanga za Bondo, huku magharibi mwa Kenya, hazikuwa zimewafikia.

Mengi ya magari haya hufika Kisumu yakiwa yamekwisha kutumika huko Japani, kwa kuwa Kenya huruhusu gari kuukuu liingie mradi halijazidi miaka minane, na hufika na tabia zote za kwao. Dashibodi huzungumza Kijapani kwa adabu kubwa kila gari linapowashwa, na kwa kuwa hakuna abiria anayeelewa, kila mmoja hutoa tafsiri yake, aghalabu ya kuhusu breki, ilhali mashine hiyo inaeleza tu kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa. Redio nayo, iliyoundwa kwa masafa ya Japani, ambayo kwa miaka mingi yalianzia megahezi 76 na kukomea 90, hunasa vituo vichache tu kati ya vile vya Kenya vinavyofika hadi 108, na familia nzima hulazimika kuipenda kwaya iliyopatikana. Baadhi yana hata kitufe cha theluji, ambacho hupita mbele ya kibao cha ikweta pale Maseno kikiwa tayari kwa kazi.

Ubora wa mwendo hupimwa vizuri zaidi kwenye mlima wa Riat, katika barabara ya Kakamega. Mengi ya magari haya yana gia zisizo na ngazi, yaani badala ya meno ya gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kuna mkanda au mnyororo wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, ili injini ifanye kazi kwa kasi inayoifaa. Kwenye tambarare mpangilio huu ni wa raha tupu. Kwenye Riat, dereva akikanyaga mafuta, injini hupaza sauti kwanza na gari hufuata baadaye, kama mbunge aliyeahidi lami. Ndani ya pengo hilo la sekunde chache ndimo Toyota Probox ya kubeba abiria hupita, ikiwa na abiria ambao hakuna mtaalamu wa hesabu aliyewahi kuafikiana na kondakta juu ya idadi yao.

Mjini, kimo ndicho sifa kuu. Forester yenye nafasi ya milimita 220 kati ya tumbo lake na ardhi hupanda matuta bila kulalamika, na dereva wake, kwa kukaa juu, huuona msongamano wa Kondele mapema kuliko wenzake, ingawa kuuona hakumsaidii kuukwepa. Asichokiona ni kilicho karibu: nguzo nene za nyuma huficha bodaboda nzima pamoja na kreti zake za soda, na kioo cha pembeni hujifunza kukunjwa na viwiko vya watu.

Jambo ambalo vitabu vya mauzo havilitaji hata kidogo ni omena, wale dagaa wa ziwani. Buti ya SUV haina ukuta wa kuitenga na abiria, kwa hiyo gunia la omena lililonunuliwa ufuoni huwa, kwa hakika, abiria wa sita, na kiyoyozi kikiwekwa kuzungusha hewa ya ndani, kama joto la Kisumu linavyodai, harufu hiyo husambazwa kwa haki hadi kiti cha dereva. Kuosha gari husaidia nje tu. (Waosha magari wa ufuoni, waliozoea kusimama ndani ya ziwa, walichunguzwa na watafiti kwa sababu ya kichocho, hivyo wameacha alama katika sayansi ambayo magari yenyewe hayajaiacha.)

Lakini mzigo halisi ni sifa. Gari linaloonekana kuweza yote huombwa yote: viti vya plastiki, sufuria za matanga, kuku wawili na shangazi watatu, kila mmoja akiwa na hoja kwamba gari kubwa hivi haliwezi kukosa nafasi. Likishashuka kwa uzito huo, zile milimita 220 hubaki kwenye karatasi. Mvua inaponyesha Nyando, ambako udongo mweusi wa Kano hunata na kuteleza kwa wakati mmoja, ndipo mwenye gari hugundua kwamba si kila SUV husukumwa na magurudumu yote manne, na kwamba yake, aliyoisifu mwaka mzima, huvutwa na mawili ya mbele. Vijana wa kijiji hulisukuma hadi kwenye changarawe, hukubaliana naye bei bila ugomvi mwingi, kisha, kwa kuwa gari ni kubwa, hufungua milango na kumwomba awafikishe Ahero.